Nilivyomfafanulia Mama Mkwe Wimbo Wake

Jumatano, 26 Februari

Leo nimeijua maana halisi ya "Kikombe cha Buluu". Miaka yote nimekuwa nikiuimba kama kasuku. Nani asiyeujua? Unapigwa harusini, unapigwa kwenye mahafali, hata watoto wangu pacha wanaukariri bila kufundishwa:

Kikombe changu buluu, nani amekichukua,
Chai yangu inapoa, moyo wangu waungua.
Kirudishe taratibu, wala sitakuuliza.

Kumbe hakuna kikombe! Nimesikia kwenye ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye simu. Msemaji hakujitaja, ila ana sauti nzito, na mara tatu amesema "utafiti unaonyesha". Kikombe ni nyumba ndogo. Mtunzi alikuwa na mwanamke wa siri, mwanamke akachukuliwa na mwingine, jamaa akabaki anaungua. Na chai inayopoa? Mke wa ndoa. Yuko nyumbani, anangoja. Nimeusikiliza mara nne kazini, kwenye stoo ya kiwanda, nimejibanza nyuma ya magodoro ya sita kwa sita. Kila mstari umekubali.

Saa ya mapumziko nikawamwagia wenzangu kantini. Dereva wa lori akabisha. Kwa mujibu wake huo ni wimbo wa mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Mpishi akasema hapana, ni wa mama aliyefiwa na mtoto, na machozi yakamlengalenga palepale. Msimamizi wetu akashusha sauti, akasema ni siasa, lakini hawezi kusema zaidi. Akatazama mlangoni.

Masikini. Wote wanabahatisha. Mimi nina utafiti.

Nimekata shauri. Jumapili Mama mkwe anatimiza miaka sabini, na huo ndio wimbo wake anaoupenda kuliko zote. Kila mwaka hotuba hutolewa na shemeji, kaka wa mke wangu, mfamasia. Husimama na koti lake, akasema "kwa muktadha huo", watu wakapiga makofi. Miaka kumi na mmoja nimepiga makofi. Mwaka huu atapiga yeye.

Jumamosi, 1 Machi

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Mke wangu amegonga mlango akauliza naongea na nani. Nimemwambia kesho nitasema maneno machache kwa mama yake. Akaniomba niseme hongera kisha nikae. Nikamwambia nina jambo kubwa, ila kwa sasa ni siri. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Hana imani na mimi. Kesho ataipata.

Jumapili, 2 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwanzo mambo yalinyooka. Sebule ya Mama mkwe ilijaa, viti vya jirani viliazimwa, picha ya marehemu baba mkwe iko ukutani juu ya redio kama siku zote. Shemeji akapigiwa simu kutoka duka la dawa, akatoka barazani. Nikaona bahati hiyo imenijia yenyewe. Nikasimama, nikagonga bilauri kwa kijiko. Binti wa shemeji alikuwa ameuweka wimbo kwenye simu yake. Nikamwomba auzime, maana leo tungeuelewa.

Nikaeleza mstari kwa mstari. Watu walicheka. Nilipofika kwenye nyumba ndogo walicheka zaidi. Nilipofika kwenye chai, chai ya watu ikawa inapoa mikononi, hakuna aliyekunywa. Nikadhani nimewashika.

Mama mkwe akasema polepole kwamba marehemu alikuwa akiuimba wimbo huo kila Jumapili asubuhi, akinyoa ndevu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekaa. Mimi nikajibu kwamba ndivyo wanaume wengi wa zamani walivyozipitisha siri zao. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sikuwa na maana yoyote. Ilikuwa sentensi nzuri tu.

Mama mkwe akaweka kikombe chake kwenye sahani, taratibu, kama mwalimu anayeweka chaki chini. Alifundisha darasa la tano miaka thelathini na minne, na ule uso sijawahi kuelekezewa tangu nilipokuwa shule.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa chai," akasema.

Akaingia chumbani. Hakutoka tena. Shemeji akarudi kutoka barazani, akauliza kumetokea nini, na watu kumi na tisa wakaninyooshea vidole.

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amefungasha. Anakwenda kukaa na mama yake siku chache, pamoja na pacha. Habari za huko ni mbaya. Mama mkwe ameishusha picha ya marehemu ukutani. Ameilaza kwenye droo pamoja na vitambaa vya meza. Amemwambia mke wangu kwamba baba yao, alipokuwa fundi bomba idara ya maji, alipelekwa mji mwingine miaka miwili, akawa anarudi mara moja kwa mwezi. Wimbo ule alirudi nao kutoka huko. Sasa anahesabu miezi.

Nimejitetea kwamba sikutaja jina la mtu. Mke wangu amesema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mama yake amelala peke yake miaka sita na kitu pekee alichobaki nacho ni kumbukumbu, nami nimeingia humo na viatu.

Nimekula mkate mkavu.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji ameandika kwenye kundi la familia. Anatukumbusha tupokee taarifa kutoka kwa watu wenye sifa. Hakunitaja. Watu kumi na wanne wameweka kidole gumba. Mmoja wao ni mama yangu mzazi.

Nimemtafuta yule mwenye sauti nzito nimuulize utafiti ulifanywa wapi. Ujumbe nilitumiwa na fundi wa rangi, naye alitumiwa na shangazi yake, na shangazi haelewi ninazungumzia nini.

Nimekaa stoo nikiwaza. Ukweli ni kwamba namwonea huruma yule mama. Nilipomwoa binti yake nilikuwa sina mbele wala nyuma, na yeye ndiye aliyewaambia wengine waniache. Lazima nirekebishe. Na nimepata njia.

Jumatano, 5 Machi

Barua! Nimeiandika saa ya chakula, kwa jina la mtunzi wa wimbo. Mtunzi anasema amesikia kwa masikitiko kwamba wimbo wake unapotoshwa. Anaeleza kwamba kikombe ni mke mwaminifu, buluu ni mbingu, na chai ni shida za dunia, ambazo hatimaye hupoa. Nimetoa machozi mwenyewe. Nimebadili mwandiko, nimelaza herufi upande wa kushoto. Nimepita kwa Mama mkwe jioni na kuisukuma chini ya mlango, nikaondoka kwa kunyata. Jirani aliniona akaniamkia kwa jina.

Ijumaa, 7 Machi

Barua imerudi. Mke wangu ameileta hadi getini kiwandani, akanikabidhi, akaondoka bila kuniaga.

Imesahihishwa. Kalamu nyekundu. Alama kumi na mbili kwa ishirini. "Kupotoshwa" nimekosea tahajia mara mbili. Pembeni pameandikwa: Wazo zuri, lakini mwandishi wa kweli huwa hajisifu namna hii. Chini yake: Tazama nyuma ya karatasi.

Nikageuza. Nilikuwa nimeandika nyuma ya fomu yetu ya stoo. Magodoro arobaini, kitambaa cha maua, yapakiwe kabla ya saa nne. Na sahihi yangu.

Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo zilizonyooka: Mwanangu, usiniandikie tena. Njoo siku utakapokuwa na la kweli.

Nimeikunja nikaiweka mfukoni mwa shati. Mchana kutwa nilikuwa naihisi.

Jumamosi, 8 Machi

Zamu ya nusu siku. Nimemwambia dereva wa lori masaibu yangu. Akashangaa kwa nini simuulizi mtunzi mwenyewe. Nikamjibu mtunzi bila shaka amekufa zamani, watunzi wote wa nyimbo kama hizo wamekufa. Akacheka mpaka akashika mlango wa lori.

Mtunzi ni Mzee wa cherehani. Yule yule anayekuja kila baada ya miezi miwili kututengenezea mashine ya kushonea kingo za magodoro. Miaka sita nimemsainisha kitabu cha wageni! Safu ya "Shughuli ya mgeni" huwa naandika mwenyewe: mafuta na sindano.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemtembelea Mzee. Ana chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Cherehani kumi na mbili zimepangwa kama wanafunzi, nyingine hazina vichwa. Yeye mwembamba, miwani imefungwa uzi. Nikamsabahi, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya wimbo.

Akahema. Akauliza mimi ni wa kiwanja au wa mtoto.

Nikasema mimi ni wa nyumba ndogo. Akatikisa kichwa, akasema hao ndio wengi siku hizi.

Ukweli ni huu, na naandika nikiwa bado siamini. Alikuwa kijana, fundi msaidizi kwenye karakana ya reli. Alikuwa na kikombe cha bati, cha buluu. Mtu akakichukua. Saa ya chai akawa anazunguka karakana nzima anaulizia, huku chai inapoa kwenye birika. Jioni bendi yao ilikosa wimbo wa tatu wa kurekodi, naye bado alikuwa na hasira, akaimba hasira zake. Basi.

Nikamuuliza, sasa huo moyo unaoungua? Hasira haziunguzi hivyo.

"Kiungulia," akasema. "Asubuhi nilikula vitu vya mafuta."

Nimeula wa chuya. Nitamwendea Mama mkwe na kiungulia?

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuwaambia watu. Akafuta sindano kwa kitambaa muda mrefu. Akasema zamani alikuwa akiwaambia. Kisha siku moja akaja mtu mzima, akamshika mkono akilia, akamshukuru kwa kumwimbia mtoto wake aliyezikwa wiki ile. Mzee aliuliza, ningemwambiaje kuhusu kikombe? Tangu hapo mtu akija hujibu kwamba kila mmoja anajua mwenyewe.

Nikaona nafasi. Nikamwomba aje kwa Mama mkwe aseme maneno ya barua yangu: mke mwaminifu, mbingu, shida za dunia. Akakataa. Nikatazama kitanda chake. Godoro limebaki kama chapa ya mtu aliyelala. Nikamwahidi godoro jipya, lile lenye mshono uliopinda tunaloruhusiwa kuchukua sisi wafanyakazi. Akaitazama ile chapa yake. Akauliza unene gani.

Inchi nane, nikasema. Akakubali.

Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi na Mzee. Hayaendi. Anasema chai ni mbingu. Nikimrekebisha anasema mke ni wa buluu. Nimemwandikia kadi aisome kwa siri, na mara hii nimekagua nyuma ya karatasi. Nyeupe kabisa.

Shemeji amesikia kwamba naleta mgeni. Ameniuliza kama mgeni ana sifa. Nimejibu kwamba atajionea.

Jumamosi, 15 Machi

Tulifika saa kumi kamili. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha mikono, kanga mabegani, amekonda kidogo usoni. Juu ya redio kuna mraba mweupe ukutani mahali picha ilipokuwa. Sikuweza kuutazama. Mke wangu alikaa kwenye mkono wa kiti cha mama yake. Shemeji alisimama dirishani na koti lake, amekunja mikono.

Nikamtambulisha Mzee kuwa ndiye mtunzi. Mama mkwe akamkaribisha vizuri, akamuuliza hali, akamwekea mto mgongoni. Kisha akamngoja. Mzee akatoa kadi, akaishika chini ya meza, akasema kwamba kikombe ni mke mwaminifu.

"Nani alimchukua?" Mama mkwe akauliza.

Mzee akanitazama. Kwenye kadi hapakuwa na hilo.

"Tena unasema arudi taratibu, wala hutamuuliza. Mke wako ametoweka, nawe hutaki kujua alikokuwa?"

Darasa la tano, miaka thelathini na minne. Nilipaswa kujua. Mzee akaipandisha kadi, akaiweka juu ya meza mbele ya watu wote, mwandiko wangu ukitazama juu.

"Mama," akasema, "nimeahidiwa godoro. Lakini siwezi."

Akaeleza yote. Karakana, kikombe cha bati, birika, bendi iliyokosa wimbo. Alipofika kwenye kiungulia shemeji alikohoa kitaalamu. Mama mkwe hakuondoa macho kwa Mzee.

"Hapakuwa na mwanamke?"

"Hapakuwa na mtu, Mama. Palikuwa na kikombe."

"Na waliouimba?"

"Waliimba tu. Una sauti nyepesi, mtu akiwa na mikono kazini unamtoka wenyewe."

Nilidhani atalia. Alikaa hivyo, mikono magotini, mpaka mke wangu akamshika bega. Kisha akasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba marehemu hakuwahi kuupatia. Mstari wa mwisho alikuwa akiukosea miaka yote. Badala ya "wala sitakuuliza" alikuwa akiimba "wala sitakuamsha". Alimsahihisha mara ngapi! Yeye Jumapili alikuwa akilala hadi jua lipande, ndiyo siku pekee asiyokwenda shule. Na mwenzake yuko bafuni na wembe, anaimba hatamwamsha, kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Kila Jumapili aliniamsha," akasema. Akaanza kucheka. Alicheka huku amejifunika mdomo kwa kanga, na mke wangu akacheka, halafu wote wawili wakawa wanalia, nami nikashindwa kujua nitazame wapi.

Mzee akasema maneno ya marehemu ni mazuri kuliko yake. Akauimba hivyo hivyo, sauti yake imekauka, bila gitaa. Wala sitakuamsha. Shemeji alikuwa amegeukia dirisha, koti linatikisika mabegani.

Nikainama kumnong'oneza mke wangu kwamba, kwa kweli, "sitakuamsha" linaweza kuchukuliwa pia kuwa na maana ya... Akanikanyaga kidole kabla sijamaliza.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu na pacha wamerudi nyumbani. Asubuhi nilikwenda peke yangu kwa Mama mkwe na nyundo. Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakanipotea, nikasema tu, Mama, nisamehe, nilitaka kupigiwa makofi. Akasema alijua tangu nilipogonga bilauri.

Nikaitundika picha. Nilipiga msumari pembeni mara mbili, sasa kuna matundu. Akaniambia niyaache.

Mzee amepelekewa godoro ingawa hakutimiza masharti. Dereva wa lori alilibeba. Anasema usiku wa kwanza hakupata usingizi kwa ulaini, lakini atazoea.

Nimejifunza jambo kubwa. Wimbo ni wimbo. Nimeliandika hapa ili nisisahau.

Jumanne, 18 Machi

Mzee amekuja kiwandani kwa ajili ya mashine. Kwenye safu ya "Shughuli ya mgeni" nimeandika: msanii. Nimemfuata hadi kwenye mashine, tukazungumza. Kumbe alitunga na wimbo mwingine, "Kofia ya Mjomba", ule wa haraka haraka ambao watu huuchezea mabega. Sikujua ni wake. Nikamuuliza unahusu nini.

Akasema unahusu kofia ya mjomba wake.

Nilimtazama usoni wakati anasema. Alipepesa macho. Amesema ni mafuta ya mashine yamemrukia, lakini mimi nilikuwa karibu, niliona. Anaficha kitu. Kofia ni cheo. Mjomba ni mtu anayekalia cheo kisicho chake, na ubeti wa pili, ukiusikiliza kwa makini, unataja mpaka ofisi yake. Mtunzi mwenyewe huenda hajui alichokitunga.

Jumapili ijayo shemeji anamwalika mkubwa wake wa kazi kwa chakula, sote tumeitwa. Shemeji anatarajia kupandishwa cheo. Nimemtumia ujumbe kumwomba dakika tano tu, kabla ya matunda. Hajajibu, lakini hajakataa.

Mke wangu anasema mkubwa huyo ni mtu mpole, mnene kidogo, huwa havui kofia hata mezani. Nimemwambia asinieleze zaidi. Picha nimeshaipata.